Miale ya kosmiki, dhoruba za jua na wavuvi wa Tanga: tuogope nini?

Ule ujumbe wa kuzima simu haufi. Unapotea mwaka huu, mwakani unarudi kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tanga na maneno yaleyale: kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 usiku miale ya kosmiki itapita karibu na dunia, zima simu, usilale nayo, televisheni ya Singapore imetangaza. Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaozima, na kuwahimiza ndugu zao wa Pangani na Muheza nao wazime. Wapo wanaojibu kwa neno moja tu, "uzushi", na kwao habari yote ya jua na anga imeishia hapo.

Kuhusu ujumbe wenyewe, hawa wa pili wamepatia. Miale ya kosmiki haina usiku wake maalumu. Ni chembe zenye nguvu kubwa, nyingi zikitoka mbali nje ya mfumo wa jua, na zinaishukia dunia usiku na mchana. Mwanafizikia wa Austria, Victor Hess, aliigundua mwaka 1912 akiwa ndani ya puto, zaidi ya mita 5,000 juu. Ukikunjua kiganja sasa hivi, karibu kila sekunde inakipenya chembe moja iliyozaliwa na miale hiyo huko juu angani, simu iwe imewashwa au imezimwa. Mionzi ya asili anayoipata mtu kwa mwaka ni wastani wa milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 2.4 duniani kote, na fungu la miale ya kosmiki halifiki hata robo yake.

Tena sisi tulio karibu na ikweta tuna nafuu. Uga wa sumaku wa dunia huchomoza wima kwenye ncha za dunia na kuziachia chembe njia, lakini kwenye kanda zetu umelala, kwa hiyo chembe dhaifu zinapindishwa kabla hazijatufikia. Mholanzi Jacob Clay aliliona hilo miaka ya 1920 akipima miale hiyo melini kati ya Java na Ulaya: meli ikisogea ikweta, kipimo kinashuka.

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hulisahau. Jua likichafuka, miale ya kosmiki hupungua. Upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, hubeba uga wake wa sumaku, na kila ukizidi nguvu huzifagia chembe zinazokuja kutoka mbali. Ndiyo maana miale hiyo hupanda na kushuka kinyume na mzunguko wa jua wa miaka takribani 11. Mwanafizikia wa Marekani, Scott Forbush, alionyesha tangu miaka ya 1930 kwamba hata dhoruba moja ya jua inatosha kuishusha kwa siku kadhaa. Mwezi Mei 2024, tarehe 10 na 11, dunia ilipigwa na dhoruba ya jua kali kuliko zote tangu 2003, na baadhi ya vituo vya kupima miale hiyo karibu na ncha vilipima upungufu wa zaidi ya asilimia 10. Anayeiogopa miale ya kosmiki alipaswa kulala kwa amani wikiendi ile.

Tarehe 12 Mei intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Ilikuwa rahisi sana kulitwisha jua lawama. Sababu ilikuwa nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilizokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Je, basi tuseme jua halituhusu? Hapa nawaacha mkono wale wa "uzushi". Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo uga wa sumaku wa dunia umelala sawasawa, haifuati ile ya ramani. Katika Afrika Mashariki inapita Ethiopia. Mchana, tabaka la anga lenye chembe za umeme huinuliwa juu ya ikweta hiyo, kisha chembe zake humiminika pande mbili, kaskazini na kusini, umbali wa nyuzi 15 hivi. Mkanda wa kusini unaangukia pwani yetu. Jua likizama, tabaka hilo huvurugika na kufanya mapovu, na mawimbi ya satelaiti yanayopita humo humetameta kama nyota. Hali hii huwa mbaya zaidi miaka ambayo jua limechangamka, hasa Machi na Aprili, tena Septemba na Oktoba, kuanzia magharibi hadi kama saa 6 usiku.

Saa hizo ndizo za mashua za wavuvi wa Deep Sea na Sahare, hapa Tanga, kutoka. Kwenye kioo cha GPS ya mkononi utaona idadi ya satelaiti inapungua ghafla, na nukta ya chombo inarukaruka ilhali nanga imeshika. Kosa la mita kumi au zaidi si kitu katikati ya mkondo. Kwa nahodha anayetafuta njia kati ya matumbawe gizani, ni jambo zito. Dira haimwangushi: hata dhoruba ya Mei 2024 iliupunguza uga wa sumaku kwenye kanda zetu kwa takribani asilimia moja tu, na sindano ya mvuvi haioni hilo.

Wanaopinga kuwaongezea wavuvi tahadhari ya jua wana hoja ninayoiheshimu. Kinachozamisha vyombo hapa ni upepo na mawimbi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa tayari inatangaza hayo. Mvuvi akiongezewa onyo la jua kila mara, ataanza kuyapuuza yote, na wenye kusambaza ujumbe wa Singapore watapata kuni mpya. Pia manahodha wengi wazoefu bado wanaingia kwa alama za nchi kavu.

Lakini vijana wanaoshika usukani leo wengi wamejifunza kwa GPS, na alama hizo hawazijui kama baba zao. Taarifa ipo tayari: Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo kinachofuatilia hali ya anga ya juu kwa ajili ya Afrika. Mimi naona mstari mmoja ungetosha kwenye utabiri wa bahari, utolewe tu kwenye miezi ile na jua likiwa limechafuka kweli: "Leo kuanzia magharibi hadi saa 6 usiku GPS inaweza kukosea, karibu na miamba tumia dira na alama za nchi kavu." Simu isitajwe kabisa.