Mbio za Dodoma zianze kabla ya jua, mgeni rasmi atukute njiani

Mbukwenyi ndugu zangu. Hili jambo nimelikalia muda mrefu, kwenye grupu letu la wasapu nimeshaliongea mpaka wenzangu wamezoea, sasa leo naliandika kabisa maana msimu wa mbio ndio unakuja na watu wameanza kujisajili.

Mwaka jana niliingia kilometa 21 kwenye mbio moja ya hapa mjini. Tuliambiwa saa kumi na moja alfajiri tuwe uwanjani, saa kumi na mbili kamili tunaondoka. Mimi nikaamka saa tisa na nusu, nikanywa uji wa uwele kikombe kimoja, ndizi mbili, nikapanda boda kutoka Kisasa huku kile kibaridi cha mwezi wa saba kinakata masikio, nikajisemea leo nakimbia vizuri. Saa kumi na mbili ikafika, emsii akasema tuendelee kupasha, ikapigwa zumba. Saa kumi na mbili na nusu, zumba. Saa moja jua hilo limeshachomoza upande wa Nzuguni na bado tunaruka zumba, watu tisheti zimelowa, wengine wameshamaliza maji yao ya mkononi, na sababu ni moja tu, mgeni rasmi hajafika. Alipofika kukawa na hotuba, utambulisho wa meza kuu, wadhamini nao wakaongea, tukaachiwa saa moja na dakika arobaini. Saa nzima na dakika arobaini zimeenda, na zilikuwa zile dakika nzuri kuliko zote za siku hiyo.

Njia yenyewe ilikuwa barabara ya Dar, unatoka mjini unaenda mpaka mbele ya viwanja vya Nanenane kama unaelekea Ihumwa, unageuka unarudi. Anayekimbia huku anaijua hiyo njia. Kwenda unapigwa na jua la usoni na upepo wa kifuani, upepo wa Dodoma miezi hiyo unatoka mashariki na hauna huruma, unakula nguvu lakini angalau unakupoza. Ukigeuka ndio unadhani umepata nafuu kwa sababu upepo sasa unakusukuma, kumbe unakwenda nao mwendo mmoja, husikii hewa hata kidogo, ni kama umefungiwa kwenye chumba kinachotembea na wewe, na jua liko mgongoni. Halafu hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwahiyo mtu anajiona hajatoka jasho, hana haja ya maji. Kilometa ya 14 nilipitisha kidole kwenye paji la uso kikatoka cheupe, ile chumvi yenyewe, inakwaruza kama mchanga.

Kituo cha maji cha hapo tulikuta makatoni matupu.

Mbele kidogo kijana mmoja aliyekuwa anakimbia pembeni yangu akaanza kuyumba, akakaa kwenye kingo ya barabara akaniambia, "Dada, mi nasikia baridi." Kusikia baridi kwenye lile jua, na anatetemeka kweli. Mtu aliyezidiwa na joto ndio anakuwaga hivyo, akisema baridi ujue hali imeshakuwa mbaya. Tukamvuta chini ya mwarobaini, mama mmoja aliyekuwa anauza vitumbua ng'ambo ya barabara akaja na ndoo yake anakimbia, akaanza kummwagia kichwani na kwapani, akanigeukia na mimi, "Na wewe mwanangu kunywa, usiniangalie." Nilikuwa hata sijamuamkia. Nikanywa vikombe viwili ndio nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba huku anaendelea kummwagia yule kijana. Bajaji ikampeleka hospitali, akatundikiwa dripu, jioni akaruhusiwa. Mimi nikamaliza saa nne imeshapita nikitembea zaidi ya kukimbia. Medali ninayo, ila kila nikiiona namkumbuka yule mama na ndoo, maana siku ile yeye ndiye alikuwa kituo cha maji.

Sasa hoja yangu. Dodoma sio jangwa, tuelewane, lakini ni nchi kavu, mvua yetu haifiki milimita 600 kwa mwaka na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, na tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, jua likiwaka linachoma kwelikweli. Kwahiyo watu wa kujifunza kwao ni hao wenye majangwa yenyewe, ambao wanaita watalii wakimbie kwao na wanajua joto ni kitu gani. Las Vegas ya Marekani iko katikati ya jangwa la Mojave na mbio yao kubwa wanaipeleka usiku, barabara ile yenye mahoteli inafungwa watu wanakimbia chini ya taa. Dubai wanafanya marathoni yao mwezi wa kwanza au wa pili, kipindi chao cha ubaridi, na wanaanza asubuhi mapema sana.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Ruth Chepngetich wa Kenya. Januari 2019 alishinda Dubai kwa saa 2:17:08. Septemba mwaka huo huo akashinda ubingwa wa dunia Doha, nayo ni mji wa jangwani, kwa saa 2:32:43. Mwanamke yule yule, mwaka ule ule, tofauti dakika kumi na tano na sekunde zake. Na Doha waliianzisha mbio saa sita kasoro dakika moja usiku, jua halipo, ila joto lilikuwa juu ya nyuzi 30 na unyevunyevu mwingi hewani, wakaanza wanawake 68 wakamaliza 40. Hao ni wakimbiaji bora wa dunia, wana makocha na madaktari. Sasa mtu wa Area C anayefanya kazi ofisini wiki nzima ukimwachia saa moja na dakika arobaini, jua limeshapanda, unategemea nini?

Na sisi hapa tuna bahati ambayo naona hatuijui. Dodoma iko magharibi kuliko Dar lakini saa ni ile ile, kwahiyo jua linachelewa kutufikia. Mwezi wa saba linachomoza kama saa moja kasoro dakika kumi. Ukianzisha mbio saa kumi na moja na nusu, mtu ana saa nzima na dakika ishirini za kukimbia bila jua kabisa, kwenye hewa ya nyuzi kumi na kitu, ukiongeza na ile nusu saa ya kwanza ambayo jua bado halina makali wa kilometa 21 wengi wanakuwa wameshaingia uwanjani au wako karibu. Ni kitu ambacho Doha mwezi wa tisa hata wakilipa mabilioni hawawezi kukinunua, sisi tunapewa bure halafu tunakimalizia kwenye zumba.

Najua jibu la waandaaji, nimeshawahi kuambiwa. Giza, usalama, mgeni rasmi lazima atuachie. La giza nakubali lina uzito, ila barabara inafungwa, trafiki wapo, na mtu anayekimbia kilometa 42 ameshazoea kutoka alfajiri na tochi yake kichwani. La mgeni rasmi mimi sina ugomvi nalo, heshima yake tumpe, ila aachie wale wa kilometa 5 saa moja na nusu, wenye familia na watoto, hapo hata zumba ina maana yake. Wa 42 na 21 waachiwe gizani na mwamuzi mwenye filimbi, mgeni atukute njiani, tukirudi atuvalishe medali na hotuba tutaisikiliza tukiwa tumekaa na maji mkononi. Na maji ya wa mbali yatunzwe yawe ya wa mbali, siku ile wa kilometa 5 waliondoka na sisi wakanywa vituo vya mwanzo, ya mbele yakarudishwa nyuma kuwaongezea.

Halafu kuna pesa ya mji. Toka treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, mtu wa Dar anakuja Jumamosi kwa saa nne hivi, analala, anakimbia, anakula kuku pale Chako ni Chako, ananunua mvinyo wa zabibu za huku, mwingine ukimwambia habari za michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa anaongeza siku. Mwaka jana niliwaona waliokata tiketi ya kurudi mchana wakiondoka wanachechemea bila hata kuoga. Hao mwaka huu wanarudi?

Kanda hii ya kati ndio imetoa wakimbiaji. Juma Ikangaa aliyeshinda New York 1989 kwa saa 2:08:01 kazaliwa Dodoma, Alphonce Simbu ni wa Singida hapo jirani, na ile dhahabu yake ya dunia ya Tokyo mwaka 2025 aliipata kwa tofauti ya sekunde 0.03, kwenye mbio ambayo waandaaji waliiwahisha kwa nusu saa kwa ajili ya joto. Nusu saa tu, na kwao ilikuwa na thamani ya kubadilisha ratiba ya mashindano ya dunia.

Safari hii kabla sijalipia nimepiga simu kuuliza saa ya kuanza na kama kilometa 21 inamsubiri mtu. Nimeambiwa nitajibiwa, nasubiri, na nawaomba na nyinyi mpige muulize hivyo hivyo kabla ya kutoa hela. Sisi Jumamosi tunatoka Kisasa saa kumi na moja kama kawaida, tunaenda mpaka Nanenane na kurudi, na yule kijana wa baridi siku hizi anakimbia na sisi, anabeba chupa mbili.