Ufito wa nyota sio dalili ya uzee
Kuna makala kuhusu galaksi (yale makundi makubwa ya nyota), mwandishi wake anasema galaksi ikishakuwa na ufito, yaani nyota zilizojipanga kama fimbo katikati, basi ujue imezeeka; mi nakataa, au tuseme nakubali nusu. Ni kweli mwaka 2008 watu wa darubini ya Hubble walipima galaksi za mikono iliyojikunja zaidi ya 2,000 wakakuta miaka bilioni 7 iliyopita zenye ufito zilikuwa kama asilimia 20 tu, siku hizi karibu 70, kwa hiyo umri unachangia. Ila mwaka 2023 darubini ya James Webb ikatuonyesha galaksi ya ceers-2112 jinsi ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na miaka bilioni 2 na kidogo tu, na tayari ina ufito wake, huo uzee uko wapi? Kinachotakiwa hasa ni sahani ya galaksi (ile sehemu bapa inayozunguka) yenye nyota nyingi na iliyotulia, njia za nyota kuzunguka katikati zinarefuka zinalaliana upande mmoja mpaka zinashikana zenyewe kwa mvutano, au galaksi jirani inapita inaivuruga. Halafu ufito unasukuma gesi kwenda katikati kule nyota mpya zinazaliwa, mbona hilo mwandishi kalipitia juu juu wakati ndio utamu wenyewe! Na sio lazima galaksi iwe kubwa, Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, ni kadogo tu na kana ufito, tena huku kwetu kusini mwa Tanzania Januari usiku kama hakuna mbalamwezi wala taa unaliona kwa macho. Wa Nairobi na Kampala mnalipata kweli au linazama kwenye ukungu wa upeo?