Hati ya Muungano: kalamu ya nani, ridhaa ya nani?

Juzi nilikuwa barazani Mikindani na kile kijitabu cha Katiba ya mwaka 1977. Mzee mmoja anayebangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, akaniomba nimsomee orodha ya Mambo ya Muungano, yaani yanayosimamiwa na serikali ya Muungano, iliyoko kwenye Nyongeza ya Kwanza. Nilipofika jambo la 15, mafuta na gesi asilia, akaweka kidole palepale, kikaacha doa kwenye karatasi. "Mjukuu wangu, na hili Karume alilitia saini?"

Hakulitia. Hati ya kuunganisha Tanganyika na Zanzibar, aliyoisaini yeye na Mwalimu Nyerere, Zanzibar, tarehe 22 Aprili 1964, ilikuwa na mambo 11: ulinzi, mambo ya nje, polisi, uraia, bandari na mengineyo. Mafuta na gesi viliongezwa mwaka 1968, miaka sita kabla gesi haijapatikana Songo Songo na 14 kabla ya Mnazi Bay hapa kwetu.

Swali la mzee yule limenirudisha kwenye ubishi wa siku nyingi kuhusu hati hiyo. Wapo wanaosema haikuwa ya Waafrika. Aliyeiandika ni Roland Brown, Mwingereza, Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika. Mwenzake wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, alieleza baadaye kwamba yeye alipewa likizo ya wiki moja, na Karume akatafutiwa ushauri wa mwanasheria wa Uganda, Dan Nabudere. Abdulrahman Babu, waziri mwenye sauti kubwa katika serikali ya Mapinduzi, alikuwa nje ya nchi. Ongeza hofu ya Marekani kwamba Zanzibar ingegeuka Cuba ya Afrika, na unaelewa kwa nini wengi wanaona mkono wa mabeberu.

Mwalimu aliukataa mkono huo hadi mwisho. Alisimulia kwamba wazo lilikuwa lake, alilitaja kwa Karume katika mazungumzo ya kawaida, na Karume akalikubali hapohapo, akataka hata waandishi wa habari waitwe. Mimi namwamini kwa sehemu kubwa. Kwamba Marekani iliufurahia Muungano si ushahidi kwamba iliuzaa. Wala kalamu ya Brown hainisumbui. Sheria nyingi za miaka ile ziliandikwa na Waingereza, na mwandishi wa mkataba si mwenye mkataba.

Kinachonisumbua ni kuridhia. Hati ilitaka iridhiwe na pande zote mbili. Bunge la Tanganyika liliiridhia tarehe 25 Aprili, hilo halina ubishi. Kwa upande wa Zanzibar, Profesa Issa Shivji amejenga hoja kwamba Baraza la Mapinduzi, lililoitawala Zanzibar wakati huo, halikupitisha sheria ya kuiridhia, na kwamba kinachoitwa sheria ya Zanzibar kilichapwa kwenye gazeti la serikali la Tanganyika. Hoja hiyo ni nzito, na haijibiwi kwa kuonyesha hati yenye saini. Aprili 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipochemka na wengine wakitilia shaka hata saini ya Karume, Ikulu iliitoa hati ikaonekana. Ilikuwa hatua nzuri, ila ilijibu swali la saini, ikaliacha la kuridhia.

Wenye kuutetea Muungano wana neno lao, nalo si jepesi. Zaidi ya miaka 60 pande zote mbili zimefanya kazi chini yake, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaitambua Jamhuri ya Muungano. Ridhaa huweza kuonekana kwa matendo. Nakubali. Lakini matendo hayo hayatoshi kuhalalisha kila kilichoongezwa baadaye. Zanzibar imelalamikia jambo la 15 miaka mingi, na Sheria ya Petroli ya 2015 ikairuhusu isimamie mafuta yake. Jambo lenyewe bado limo kwenye Katiba.

Na sisi huku? Mwaka 2013, bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilipowatoa watu barabarani Mtwara, damu ikamwagika, tuliambiwa gesi ni ya taifa zima. Sikatai kuwa ni ya taifa. Ila neno "gesi" liliingia kwenye orodha ile bila sisi kujua kama Mzanzibari au mtu wa Kusini aliulizwa, na kumbukumbu za mjadala wa 1968 zilistahili kuwekwa mezani sambamba na ile hati ya 1964.

Mzee alifuta kidole kwenye kikoi, akanirudishia kijitabu. "Siku nyingine uje na ile karatasi ya sitini na nane."