Misri ya kale ni mtoto wa Sahara pia, sio Nile peke yake

Kila ikiongelewa Misri ya kale ni Nile, Nile, Nile, mto ulileta udongo mweusi watu wakalima wakashiba wakajenga piramidi. Sawa, ila mi naona hiyo ni nusu ya stori, maana huo mto ulikuwepo maelfu ya miaka na hakukuwa na farao hata mmoja, sasa nini kilibadilika?

Ni Sahara. Miaka kama 9,000 iliyopita kule kulikuwa na majani, maziwa, twiga na viboko, watu wanachunga ng'ombe sehemu ambazo leo ni mchanga mtupu. Pale Nabta Playa, kusini mwa Misri, kama kilomita 100 magharibi ya Abu Simbel, wafugaji walizika ng'ombe kwa heshima kabisa na kurundika mawe juu ya kaburi, zaidi ya miaka 2,000 kabla ya piramidi ya kwanza!! Halafu mvua zikaanza kukata taratibu, mpaka miaka kama 5,500 iliyopita kwishnei. Aliyewahi kuona wafugaji wakihama kipindi cha kiangazi kikali anajua kilichofuata, watu walifuata maji wakajikuta wamejazana bondeni.

Na hapo ndo serikali ilipozaliwa kwa maoni yangu. Zamani mkubwa akikuonea unaswaga ng'ombe zako unaondoka, lakini sasa huku mto huku jangwa, unaenda wapi? Na shamba la ngano au shayiri huwezi kulihamisha usiku, mwenye nguvu anasubiri mavuno tu anakuja kuchukua chake, kikishachukuliwa lazima kitunzwe na kihesabiwe. Kule Abydos, makaburi ya wafalme wa mwanzo wa Misri, kwenye kaburi linaloitwa U-j, mwanaakiolojia Mjerumani Günter Dreyer alikuta vibao vidogo vya mifupa na pembe za ndovu vyenye alama, vya kama mwaka 3200 K.K., vilikuwa vinafungwa kwenye mizigo. Ni kati ya maandishi ya zamani zaidi duniani, na kazi yake ilikuwa stoo!

Ndo maana inaniuma sana nikikumbuka wasomi wa enzi za ukoloni walivyong'ang'ania kwamba ustaarabu wa Misri uliletwa na watu wa nje. Angalieni lile bamba la jiwe lenye michoro la Narmer, mmoja wa wafalme wa kwanza wa Misri, la kama 3100 K.K., juu kabisa kuna sura za mungu wa kike mwenye pembe na masikio ya ng'ombe, chini fahali anabomoa ukuta wa mji, na mfalme mwenyewe kavaa mkia wa fahali kiunoni. Hao ni wafugaji jamani, na vitabu vya shule vingeanza na Nabta Playa ndo viende kwenye piramidi.