Mkono mzito ndio unaofubaza gari jipya

Gari lilikuwa na miezi saba tu. Jeusi. Nililiosha kila Jumamosi bila kukosa, na kila asubuhi kabla ya kuondoka nililipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Jioni moja jua likiwa linaelekea kuzama, mwanga wake uliangukia boneti kwa upande, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: utando wa buibui. Mistari myembamba isiyohesabika, imelizunguka jua pale lilipojiakisi kwenye rangi. Nikisogea, na utando unasogea. Nikalowanisha kidole, nikasugua. Haukutoka, kwa kuwa haukuwa juu ya rangi. Ulikuwa umechorwa ndani yake.

Barabara haikuhusika. Mikwaruzo ile niliichora mwenyewe, kwa mapenzi kabisa, Jumamosi baada ya Jumamosi. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao nautetea mbele ya yeyote: gari jipya hufubazwa na namna linavyooshwa, na polishi linayopigwa kabla ya kuihitaji, kuliko linavyofubazwa na matope ya njiani.

Rangi ya gari si tabaka moja. Chini kabisa, juu ya bati, kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, na juu ya yote kuna vanishi angavu isiyo na rangi. Mng'ao wote unaotufurahisha unakaa kwenye hiyo vanishi. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani haufiki unene wa unywele mmoja wa kichwani. Ndani yake mna viambato vinavyokinga rangi ya chini dhidi ya miale ya jua. Ikipungua sana, kinga nayo inapungua, na mwisho wake umeuona kwenye magari ya zamani: paa na boneti zinatoka mabaka meupe, vanishi inabambuka kama ngozi iliyoungua.

Sasa hapa ndipo neno moja linapotuponza. Tunasema "polishi" kwa vitu viwili vinavyofanya kazi kinyume. Polishi halisi ina chembechembe ndogo za kusugua. Inalainisha uso wa rangi kwa kuula: inapunguza vanishi hadi mikwaruzo iishe, ndiyo maana gari linang'aa likimaliza kupigwa. Nta, ambayo wengi huiita waksi, haipunguzi chochote. Inalala juu ya vanishi, inaziba, inakinga, na inafanya maji yateleze. Moja inachukua, nyingine inaweka. Gari lililotoka kiwandani halina sababu ya kuchukuliwa kitu. Akija mtu kukuambia, "Bosi, nilipige polishi kidogo ling'ae zaidi?", muulize kwanza kopo lake lina nini. Kama ni ya kusugua, mshukuru, mwambie bado.

Mazoea ya kupiga polishi hayakuzuka tu, yalikuwa na maana yake. Mwaka 1923 kampuni ya Marekani ya General Motors ilianza kupaka magari yake ya Oakland rangi iitwayo Duco, iliyotengenezwa na kampuni ya kemikali ya DuPont, ikakauka kwa saa chache badala ya siku nyingi, na kwa miongo kadhaa baadaye magari yalipakwa rangi zisizo na vanishi juu. Rangi za namna hiyo zilipauka kwa jua na hewa hadi zikatoa unga. Ukisugua gari jekundu, kitambaa kinatoka chekundu. Kwa magari hayo polishi ilikuwa lazima, maana ilikuwa inaondoa ngozi iliyokufa na kuifikia rangi hai chini yake. Vanishi ilienea katika miaka ya 1980, magari yakabadilika, ila ushauri wa wazee wetu ukabaki vilevile. Hawakukosea. Walikuwa wanazungumzia rangi nyingine.

Turudi kwenye kuosha, maana huko ndiko vita vyote viliko.

Adui ni punje ya mchanga. Rangi haikwaruzwi na maji wala sabuni wala kitambaa laini, inakwaruzwa na punje iliyonaswa kati ya kitambaa na vanishi, ukiiburuta huku na huku. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuziondoa punje kabla mkono haujagusa gari. Mwaga maji mengi kuanzia paani kushuka chini, ukisisitiza nyuma ya magurudumu na chini ya milango. Ukiwa na mashine ya presha ni vizuri zaidi, ila usiisogeze karibu sana na bodi. Kama kuna matope yaliyoganda, yaache yalowe. Usiyakwangue. Dakika tano za kusubiri hapo zinaokoa miaka.

Kisha ndoo mbili. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu ndilo watu wanaloliona kama mbwembwe. Ndoo moja ina maji ya shampuu ya gari, nyingine ina maji matupu. Unachovya glavu ya kuoshea kwenye shampuu, unaosha sehemu ndogo, unaisuuza kwenye maji matupu, unaikamua, ndipo unairudisha kwenye shampuu. Ukitaka kuamini, ukimaliza gari zima mwaga taratibu ile ndoo ya kusuuzia na uangalie kitakachobaki chini. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta mchanga wa kujaa kijiko. Kwa ndoo moja, mchanga ule wote ningekuwa nimeurudisha kwenye gari.

Glavu yenye nyuzi ndefu inafaa kuliko sponji, kwa sababu nyuzi zinaimeza punje, ilhali sponji bapa linaishikilia usoni na kuisugulia rangi. Anza paani, fuata vioo, boneti, milango kwa juu, na umalizie chini ambako uchafu mwingi hukaa. Rimu ziwe na brashi na ndoo yake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma. Mkono uende kwa mistari iliyonyooka, mwepesi, uzito wa glavu yenyewe unatosha. Kwenye kuzungusha mkono sina ugomvi na kuzunguka kwenyewe, nina ugomvi na nguvu inayokuja nako. Ule mduara tunaouona juani unatokana na mwanga: mikwaruzo imelala kila upande, ila ile tu iliyokaa mkao wa kuzunguka mwanga ndiyo inayourudisha machoni.

Sabuni ya vyombo isikaribie gari. Imetengenezwa kukata mafuta, na nta ni jamaa ya mafuta. Sabuni ya unga ndiyo mbaya zaidi. Shampuu ya gari haina ukali huo, na utelezi wake unaisaidia glavu kupita bila kukwama.

Osha kivulini, bati likiwa limepoa. Ukiosha juani maji yanakauka kabla hujayafikia, na madini yaliyomo, hasa kalsiamu, yanabaki kama vijiduara vyeupe. Vikikaa siku nyingi vinang'ata vanishi. Kwa hiyo kukausha ni sehemu ya kuosha: taulo kubwa la maikrofaiba, lilaze juu ya bati, livute taratibu au libonyeze tu linywe maji. Na likianguka chini, hata mara moja, hata kama linaonekana safi, halirudi kwenye gari siku hiyo. Linafuliwa kwanza. Katika sheria zote hii ndiyo ngumu kuifuata, kwa sababu huwa linaanguka ukiwa umebakiza mlango mmoja.

Na kile kitambaa kikavu cha asubuhi? Hicho ndicho kilichoniumiza. Vumbi ni mchanga uliosagika, na kulipangusa likiwa kavu ni kupiga msasa. Brashi za manyoya za kufutia vumbi nazo ni zilezile. Afadhali gari likae na vumbi lake hadi siku ya kuoshwa. Niliwahi kuliacha gari mahali fulani panapooshwa magari, nikarudi kuchukua nilichosahau, nikamkuta kijana analifuta kwa tambara lilelile alilotoka kufutia tairi za gari jingine. Sikumlaumu sana yeye. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Ila tangu hapo naosha mwenyewe.

Kitu pekee kisichosubiri Jumamosi ni kinyesi cha ndege. Kina asidi, na kikikutana na jua kinaacha kovu kwenye vanishi ndani ya muda mfupi, wakati mwingine siku hiyohiyo. Usikifute kikiwa kikavu, kina punje ndani. Weka kitambaa kilicholowa maji juu yake, kiache dakika chache, kisha kinyanyue badala ya kukiburuta. Utomvu wa miti na wadudu waliokaukia mbele ya gari vinataka uvumilivu uleule.

Ukishaosha na kukausha, ndipo nta. Wapo wanaoambiwa wasubiri miezi kadhaa rangi "ikomae". Hiyo ni kwa gari lililopakwa upya gereji. Kiwandani rangi huokwa kwenye tanuri la joto la nyuzi za Selsiasi 130 hadi 140 hivi, inatoka imekomaa, unaweza kupaka nta siku ya kwanza. Nta ninayoipenda ni ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi na mitende wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti ule unayafunika majani yake kwa nta ili usipoteze maji wakati wa kiangazi. Watu hukata majani, huyakausha, huyapiga hadi nta itoke kama unga. Ni ngumu, huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80. Paka kidogo sana, utando mwembamba, iache ikauke hadi ionekane kama ukungu, kisha ifute kwa kitambaa safi. Kupaka nene hakuongezi mng'ao, kunaongeza kazi ya kufuta tu. Inadumu wiki kadhaa hadi miezi miwili hivi. Kinga za kutengenezwa maabara, pamoja na zile za seramiki, zinadumu zaidi, ila nazo zinakwaruzika kwa uoshaji mbovu.

Kujua kama nta bado ipo, tazama maji. Yakikusanyika kama lulu na kukimbia, ipo. Yakitandaa na kulala kama shuka, imekwisha.

Gari langu jeusi lilisuguliwa mara moja tu na fundi aliyepima kwanza unene wa rangi kwa kifaa, paneli kwa paneli, na utando wa buibui ukaondoka. Ni miaka minne sasa. Jana jioni jua lilipoinama nilitoka nje, nikainama nalo, nikaangalia boneti kwa upande. Nikaliona jua, duara lake peke yake.