Mtandao Umtambue Mtu Popote Aendapo

Mwanachuo wa Mtwara anayepelekwa Lindi kwa mafunzo kwa vitendo hubeba barua ya utambulisho, na kwa barua hiyo hupokelewa, hupangiwa kazi na kupewa msimamizi. Akifungua kompyuta yake, hata hivyo, mtandao wa taasisi iliyompokea haumtambui, ingawa chuo chake kilikwisha kumhakiki na kumpa akaunti. Mara nyingi nenosiri hulikuta kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na dirisha la mapokezi, limeandikwa kwa wino mzito, moja kwa watumishi, wageni na yeyote apitaye. Naupinga utaratibu huo, kwa sababu siku mtandao utakapotumiwa vibaya hatapatikana wa kuulizwa.

Njia bora ipo. Mwaka 2002 Klaas Wierenga wa SURFnet, mtandao wa elimu na utafiti wa Uholanzi, alipendekeza mfumo uliokuja kuitwa eduroam, ambao leo unatumika katika nchi zaidi ya 100. Mgeni huingiza jina lake la akaunti likifuatiwa na alama ya @ na anwani ya chuo chake. Seva ya mwenyeji huisoma anwani hiyo na kulipeleka ombi, kupitia seva ya kitaifa, hadi chuoni kwake, ambako nenosiri huhakikiwa. Mwenyeji halioni kamwe, mradi kifaa cha mgeni kimewekwa kikague kwanza cheti cha seva ya chuo chake, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba seva hiyo ni ya chuo hicho kweli, kazi ambayo wataalamu wa TEHAMA hawapaswi kumwachia mwanafunzi. Simu zetu zimezoea jambo hili: pale kampuni zilipokubaliana, anayevuka Daraja la Umoja kuingia Msumbiji huendelea na namba yake ileile, kwa kuwa mtandao wa ng'ambo humuulizia kwao.

Ningependa vyuo vya Mtwara na Lindi vilifanye jambo hili pamoja, kupitia TERNET, mtandao wa elimu na utafiti nchini, na watafiti wa korosho wa Naliendele, ambao kazi huwapeleka wilayani, wasiachwe nje. Gharama ya vifaa inazungumzika. Linalonitia wasiwasi zaidi ni orodha za akaunti zisizosafishwa, kwani akaunti ya mtu aliyekwisha kuhitimu, isipofungwa Mtwara, itamfungulia mlango Lindi pia, na taasisi iliyompokea itakuwa imedanganywa na chuo ilichokiamini.