Modeli ya Liemba iendeshwe kwa mvuke

Ukiamua kuunda modeli ya MV Liemba, tafadhali usiiwekee mota ya betri. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kuja kuunganishwa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi nzito isishike kutu. Ndiyo maana ilipoopolewa na kukarabatiwa, ikarudi ziwani mwaka 1927 kwa nguvu ya mvuke uleule. Miaka ya 1970 ikafungwa injini za dizeli. Leo, anayetaka kuona Liemba ikisukumwa na mvuke hana njia isipokuwa modeli.

Kwa kipimo cha 1:50, meli hiyo ya mita 71 inakuwa na urefu wa kama mita 1.4. Nanga, maboti na vyuma vya sitaha vipunguze utakavyo. Vifaa vya boila, yaani chombo kinachochemsha maji yawe mvuke, usivipunguze! Maji hayajui kipimo chako. Ukiweka kioo cha kupimia maji chenye mrija mwembamba kama wa meli halisi iliyopunguzwa, tone hung'ang'ania ndani ya mrija na kukuonyesha boila imejaa, kumbe inakaribia kukauka huku moto unawaka. Weka mrija mpana unaosomeka, kisha uufiche chini ya kibanda cha sitaha kinachofunguka. Vali ya usalama nayo iwe na uwezo wa kutoa mvuke wote ambao moto wako unaweza kuzalisha.

Boila iwe ya shaba nyekundu, na maungio yake yachomelewe kwa lehemu ya fedha. Lehemu laini ya mafundi redio huyeyuka chini ya nyuzi 200, na boila ikikauka hufika huko upesi. Kabla ya kuwasha moto, ijaribu kwa maji baridi kwa presha mara mbili ya ile ya kazi.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kikopo cha kulainishia silinda. Hakina pampu wala gia. Mvuke kidogo huingia ndani, hupoa na kuwa maji, maji hutuama chini na kuyainua mafuta, nayo yanaingia kwenye bomba la mvuke taratibu hadi kwenye pistoni. Safari ikiisha, toa maji kwa chini, ujaze mafuta upya.